Kichaa cha mbwa: seli za ubongo ziko hai, mgonjwa anauawa na nini?

Swali: Mimi ni afisa mifugo wa kata. Wiki iliyopita mbwa asiye na mwenyewe aliwang'ata watoto wawili, mmoja mkononi, mwingine pajani, na wananchi wakamuua. Nilikata kichwa nikakisafirisha kwenye barafu hadi maabara. Majibu ya awali yanasema miili ya Negri haikuonekana na kwamba "tishu ya ubongo haina uharibifu mkubwa". Baba yao ananiuliza kama kuna haja ya kumalizia sindano. Nami nimebaki na langu: nimesoma mahali kwamba kirusi cha kichaa cha mbwa hakiui seli za ubongo, kinabadilisha tu protini zake. Kama seli haziuawi, mtu anakufa kwa nini? Na protini zenyewe ni zipi?

Jibu: Ndugu afisa, tumalizane kwanza na mzazi. Watoto wamalizie sindano zote kwa ratiba waliyopewa hospitalini, na kama vidonda vilitoa damu, aulize pia kama walichomwa ile kingamwili ya kwenye jeraha lenyewe, maana chanjo peke yake huchukua siku kadhaa kabla mwili haujatengeneza kinga ya kutosha. Majibu uliyoletewa hayamsafishi mbwa huyo hata kidogo.

Miili ya Negri, yaani madoa yanayotokea ndani ya seli za ubongo zilizoambukizwa, ni kipimo cha zamani. Adelchi Negri aliielezea mwaka 1903 huko Pavia, Italia, na yeye mwenyewe alidhani ni vijidudu vya jamii ya protozoa. Kwa rangi ya Sellers, unagandamiza kipande cha ubongo kwenye kioo, unapaka rangi, unaosha, unaweka chini ya darubini. Ikiwepo, inapendeza kuiona: ndani ya seli kubwa za Purkinje kwenye serebela (ubongo mdogo wa kisogoni), au seli zenye umbo la piramidi kwenye hipokampasi (sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu), unakuta doa la mviringo lenye wekundu wa zambarau, na ndani yake chembe ndogo za bluu iliyokolea, wakati seli inayolibeba imetulia na kiini chake kiko mahali pake. Tatizo ni kwamba wanyama wengi waliothibitika kuwa na kichaa hawana madoa hayo, na ubongo ukishaanza kuoza ndiyo hayasomeki kabisa. Ukiyaona, umeshika ushahidi. Usipoyaona, huna jibu. Inanisikitisha kwamba bado kuna wanaofundishwa kuyategemea.

Omba sampuli hiyohiyo ipimwe kwa kingamwili zinazong'aa chini ya darubini ya mwanga wa urujuani, au kwa kile kipimo cha haraka kinachotumia darubini ya kawaida. Hicho cha pili kilifanyiwa majaribio hapa kwetu Serengeti, kwa sampuli za ubongo zilizohifadhiwa kwenye gliserini, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006. Vyote viwili vinaitafuta protini ya kirusi, na havijali kama seli imeharibika au la. Hakikisha tu wamechukua shina la ubongo pamoja na serebela, kwa sababu huko ndiko kirusi kinakopatikana kwa uhakika zaidi. Majibu ya kipimo cha aina hiyo yakirudi hasi, daktari ndiye atakayeamua kama chanjo isimamishwe. Kabla ya hapo, hakuna wa kusimamisha.

Sasa swali lako. Hilo neno "haina uharibifu mkubwa" ndiyo sura ya kawaida ya ugonjwa huu. Ukipasua ubongo wa aliyekufa kwa homa ya uti wa mgongo ya bakteria au kwa malaria kali, utaona kwa macho kwamba kuna vita vimepiganwa humo. Ubongo wa kichaa cha mbwa mara nyingi unakuwa umevimba kidogo tu, mishipa imejaa damu, hapa na pale kuna vikundi vya seli za kinga ambavyo Victor Babeş alivieleza tangu karne ya 19, na basi. Kwa ugonjwa ambao karibu kila anayeonyesha dalili hufa, hilo limewasumbua wataalamu kwa zaidi ya miaka mia.

Ili kulielewa, kitazame kirusi chenyewe. Kina umbo la risasi, urefu wake ni takriban nanomita 180. Kinabeba uzi mmoja wa RNA wenye herufi kama 12,000, na uzi huo una maelekezo ya protini tano tu. N huufunika uzi wa RNA. P ni msaidizi wa kazi nyingi. M hushikilia umbo. G huchomoza nje ya ganda na ndiyo inayoshika seli. L ndiyo mashine ya kunakili. Tano, basi. Seli ya neva ina maelfu ya protini zake, kwa hiyo kila kinachotokea ni hizo tano kuwatumikisha hao maelfu.

Kidondani, kirusi hukaa kwanza kwenye misuli, wakati mwingine kwa wiki au miezi. Hapo ndipo sehemu kubwa ya kipindi cha kuatamia inapopita, ambacho kwa kawaida ni miezi 2 hadi 3, ingawa kinaweza kuwa wiki moja au kufika mwaka. Ndiyo sababu sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 yana nguvu kiasi kile: ganda la nje la kirusi ni la mafuta, sabuni inalipasua. Baadaye protini ya G inashika vipokezi kwenye ncha ya neva. Kimojawapo ni kipokezi cha asetilikolini, kemikali ileile inayoamrisha misuli ijikunje. Kikishaingia, kirusi kinadandia mota za seli zinazoitwa dainini, ambazo kazi yake ya kila siku ni kusafirisha vifurushi kutoka ncha ya neva kurudi kwenye kiini, zikitembea juu ya mirija ya protini ya tubulini. Mwendo wake umekadiriwa kuwa milimita 50 hadi 100 kwa siku. Kikishaingia kwenye neva, kutoka pajani hadi uti wa mgongo ni suala la siku, wala si miezi. Na humo ndani ya neva, chanjo haikifikii tena.

Kwenye seli za ubongo, N na P zinakusanyika na kujitenga na maji ya seli kama matone ya mafuta juu ya mchuzi. Matone hayo ndiyo miili ya Negri. Kwa miaka mingi watu waliyadhania kuwa mabaki, taka za maambukizi. Mwaka 2009 ikaonyeshwa kwamba RNA ya kirusi inanakiliwa humohumo, na mwaka 2017 kwamba ni ya kimiminika kweli: yanaungana yakigusana, na hayana utando wowote unaoyazunguka. Kwa lugha nyingine ni karakana. Ndani yake zimekutwa pia protini za mwenyeji, ikiwemo Hsp70, ambayo seli huitumia kunyoosha protini zilizokunjika vibaya. Kirusi kimeiajiri.

Hapa ndipo penye fumbo lako, na ndipo ninapotaka ukae kidogo.

Seli yoyote ikigundua kirusi ndani yake ina njia mbili za kujitetea: kupiga kelele, au kujiua. Kelele ni interferoni, protini inayotoka nje kuwaamsha majirani na kinga ya mwili. Kichaa cha mbwa kinaizima kupitia P. Kwanza P inazuia kuwashwa kwa IRF3, protini inayoagiza interferoni itengenezwe. Halafu, hata kama interferoni kidogo imefika, P inazing'ang'ania STAT1 na STAT2, wajumbe wanaotakiwa kuingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za ulinzi. Zinabaki nje ya kiini. Jirani hasikii chochote.

Njia ya pili, ya kujiua, inazuiwa na mkia wa protini ya G. Watafiti wa Taasisi ya Pasteur, Paris, waliona kwamba asidi amino (vipande vinavyojenga protini) chache za mwisho kwenye mkia huo zinajichomeka kwenye kimeng'enya cha seli kiitwacho MAST2, mahali ambapo kwa kawaida huwa pameshikwa na protini nyingine, PTEN. Zikitenganishwa hizo mbili, seli inapata amri ya kuendelea kuishi na kurefusha matawi yake. Badilisha asidi amino moja tu kwenye mkia huo, na kirusi kilekile kinageuka kuwa cha kuua seli. Na hapo kinapoteza ukali wake!

Lisome tena, maana linakwenda kinyume na tunavyodhani. Virusi vilivyodhoofishwa maabara, vile vinavyofaa kwa chanjo hai za wanyama, ndivyo vinavyoua seli za neva kwa wingi. Vinatengeneza G nyingi, seli zinakufa, kinga inashtuka, mlango kati ya damu na ubongo unafunguka, askari wanaingia, maambukizi yanazimwa. Virusi vya mtaani, vilivyo kwenye mate ya mbwa wako, vinatengeneza G kwa kipimo, vinaacha seli hai, na mlango unabaki umefungwa. Na hata seli T za kinga zikifanikiwa kupenya, zinakutana na seli za neva ambazo zimeoteshwa juu yake protini zinazoziamuru seli T zife. Kirusi kinahitaji neva nzima kwa sababu safari yake haijaisha. Kinatakiwa kivuke kutoka seli hadi seli, kisha kishuke kwa neva nyingine hadi kwenye tezi za mate, na mnyama awe bado anatembea na kung'ata.

Uhai huu wa seli umewafaa hata wanasayansi. Tangu mwaka 2007 wapo wanaotumia kirusi cha kichaa kilichoondolewa jeni ya G kuchora ramani za ubongo wa panya. Kinavuka hatua moja tu kati ya neva na neva, kisha kinakwama, na seli zilizopitiwa zinawaka rangi. Huwezi kufanya hivyo kwa kirusi kinachoacha makaburi nyuma yake.

Basi mgonjwa anakufa na nini? Anakufa kwa sababu seli zilizo hai zimeacha kazi. Na hapo ndipo protini ulizouliza zinapoingia. Nitazigawa kwa mahali, ingawa ndani ya seli mambo haya yanakwenda pamoja.

Mahali pa kwanza ni kwenye maungio, sinapsi. Seli moja ikitaka kuzungumza na nyingine, vifuko vyenye kemikali vinasogea ukingoni, vinatia nanga, vinaungana na utando na kumwaga kilichomo. Kazi ya kutia nanga na kuungana inafanywa na kundi la protini, sintaksini ikiwa mojawapo. Wachunguzi walipopima protini za ubongo wa panya walioambukizwa, walikuta baadhi ya protini za kazi hiyo zimepungua, na chini ya darubini ya elektroni vifuko vimerundikana upande wa kutuma ujumbe. Vimejaa, havimwagi. Fikiria hilo likitokea kwenye seli zinazopanga pumzi.

Pili ni kwenye umeme wa seli. Neva hupitisha ujumbe kwa kuruhusu ayoni za sodiamu na potasiamu ziingie na kutoka, na pampu za protini kwenye utando ndizo zinazorudisha mizani. Kwenye ubongo ulioambukizwa kiasi cha pampu hizo kinabadilika, na seli zilizokuzwa maabara zimeonyesha mikondo ya sodiamu kudhoofika. Seli haijapasuka, ila haiwaki sawasawa.

Tatu, na kwangu mimi ndilo eneo lenye ushahidi wa kuvutia kuliko yote, ni matawi. Neva ina shina refu la kutuma, akzoni, na matawi ya kupokea, dendraiti. Yote yanasimama kwa kiunzi cha protini: tubulini, aktini, na MAP2 inayofunga mirija ya dendraiti pamoja. Ukiwapa panya aina kali ya kirusi, kisha ukatazama mwili wa seli, unakuta mzima. Ukifuata matawi yake, unakuta yamevimba vipande vipande mfano wa shanga kwenye uzi, au yamekatika, na MAP2 na aktini zimepotea. Kwa hiyo maabara yako ilisema kweli kwamba tishu haijaharibika, kwa rangi walizotumia. Rangi za kawaida zinaonyesha miili ya seli vizuri na matawi vibaya. Seli inayoonekana nzima inaweza kuwa haijaunganishwa na yeyote.

Nini kinakata matawi? Kuna majibu mawili na sioni kwamba yanapingana. La kwanza linaanzia kwenye mitokondria, vinu vya nguvu vya seli: protini P ya kirusi inashikamana na sehemu ya kwanza ya mtambo wa kuzalisha nguvu, mtambo unavujisha kemikali kali za oksijeni, na akzoni inaanza kuvimba kwa shanga hizo. La pili ni protini ya seli yenyewe iitwayo SARM1. Ikiwashwa, inateketeza NAD, kemikali ambayo bila hiyo akzoni haiwezi kuzalisha nguvu, na tawi linajiharibu lenyewe. Watafiti walichukua neva za panya wasio na SARM1, wakaziambukiza, na matawi yake yalidumu kuliko ya neva za kawaida. Huenda seli inajikata matawi makusudi ili kirusi kisivuke kwenda kwa jirani. Kama ni hivyo, ubongo unajikata vipande kwa kujilinda, na mwenye ubongo ndiye anayeumia.

Dalili unazozijua zinatokana na mahali kirusi kilipofika. Shina la ubongo likiguswa, amri ya kumeza na amri ya kuvuta pumzi zinagongana. Mgonjwa ana kiu kali, anaomba maji kwa akili timamu, kikombe kinakaribia mdomo, koo na kiwambo, msuli wa pumzi ulio chini ya mapafu, vinajikunja kwa nguvu hadi kichwa kinarudi nyuma. Baadaye kukionyesha tu kikombe kunatosha, au kumpulizia upepo usoni. Kwa ng'ombe utaona mate yanachuruzika na hawezi kumeza, na mfugaji anaingiza mkono mdomoni akidhani kuna kitu kimekwama kooni. Waonye kuhusu hilo kila unapopita, maana mfugaji anayejikinga na mbwa hana wasiwasi na ng'ombe wake. Mmoja kati ya watano hivi kwa binadamu hapati ukali wowote, analegea tu kuanzia kwenye kiungo kilichong'atwa, na wengi wa hao hudhaniwa wana ugonjwa mwingine.

Kuhusu ukali wenyewe, wa mbwa mpole kugeuka kuwa wa kung'ata hata jiwe, kuna jambo la ajabu. Sehemu ndogo ya protini G inafanana na sumu ya nyoka wa jamii ya koboko na swila, ile inayoziba vipokezi vya asetilikolini. Mwaka 2017 kundi la watafiti wa Alaska lilitengeneza kipande hicho peke yake, bila kirusi, wakakidunga kwenye ubongo wa panya. Panya wakaanza kukimbia huku na huko bila kutulia. Bado ni mbali kutoka panya asiyetulia hadi mbwa mwenye kichaa, ila mimi naamini mwelekeo ni sahihi. Ubongo pia una vipokezi hivyo, na protini moja tu inaweza kuvichokoza.

Mwisho wake, mapigo ya moyo, presha na pumzi vinakosa msimamizi. Vipimo vya umeme wa ubongo wa panya walioambukizwa vilionyesha kwanza usingizi wa ndoto ukipotea, kisha mawimbi yakipungua kasi, na ubongo ukawa kimya kama dakika 30 kabla ya moyo kusimama.

Utauliza kuhusu tiba, kwa sababu kila ninayemweleza haya huuliza. Mwaka 2004 huko Wisconsin, Marekani, msichana wa miaka 15 aliyeng'atwa na popo, ambaye hakuwa amepata chanjo, alilazwa usingizi wa dawa akapewa ketamini na dawa za virusi, akapona. Njia hiyo ikaitwa itifaki ya Milwaukee na imerudiwa nchi nyingi. Karibu wote waliofuata wamekufa. Wazo lake lilikuwa kwamba neva zinakufa kwa kuchochewa kupita kiasi, hivyo zilazwe zipumzike, na ukishasoma niliyoandika hapo juu utaona kwa nini wazo hilo lilikuwa na msingi mwembamba. Yule msichana alikuwa tayari na kingamwili zake alipofika hospitali, na wengi tunadhani hizo ndizo zilizomwokoa. Siipendekezi njia hiyo kwa hospitali zetu. Mgonjwa mwenye dalili anahitaji chumba chenye mwanga hafifu, dawa za kutuliza na za maumivu, na ndugu walioelezwa ukweli.

Matumaini mapya yanapita upande wa kinga. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walichapisha kazi ya kingamwili moja iitwayo F11. Panya walioanza kuugua walidungwa dozi moja na wakapona, ingawa kingamwili yenyewe haikuonekana kuingia ubongoni. Ilifanya kazi pale tu panya walipokuwa na seli T za aina ya CD4, maana yake inawaita askari wa mwili wenyewe wakafanye usafi ndani. Hilo limefanyika kwa panya tu, na kirusi kinachong'ata kwenye kata yako hakijajaribiwa nalo kwa binadamu yeyote.